Kocha Hashiki Mfuko wa Karo

Jumamosi moja ya Februari mzee mmoja wa Nkubu alifika kwangu akiwa na bahasha ya kaki ndani ya koti. Alikataa hata chai. "Mwalimu," akaniambia, "nisomee hii polepole, halafu uniambie ukweli hata kama utaniuma."

Barua ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na nembo ya rangi juu. Ilisema mwanawe, aliye kidato cha tatu, amepata ufadhili kamili wa besiboli katika chuo kimoja kidogo cha kaskazini mashariki mwa Marekani. Ataondoka Septemba hii. Kilichobaki ni shilingi 180,000 za kuhifadhi nafasi, zitumwe kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee alikuwa tayari amempata mnunuzi wa ng'ombe wake wa maziwa, na pesa zilizopungua mkewe alikuwa aende kuzikopa kwenye chama.

Kijana mwenyewe namfahamu. Ni mrefu, mtulivu, na mkono wake wa kulia una jambo. Besiboli alifundishwa na Mjapani mmoja wa kujitolea aliyekuja kufundisha sayansi, akaondoka akiwaachia wanafunzi glavu nne na mipira isiyofika ishirini. Wenzake waliuacha mchezo glavu zilipoanza kuchanika. Yeye aliendelea kurusha kwenye ukuta wa mawe nyuma ya kiwanda cha kahawa, jioni baada ya jioni, likizo baada ya likizo. Kwa hiyo barua ile haikumdanganya mzee kuhusu kipaji. Ilimdanganya kuhusu pesa, na jinsi pesa hizo zinavyopatikana. Naandika haya kwa sababu najua hayuko peke yake, kuanzia Maua hadi Siakago.

Chuo kilichotajwa kipo kweli. Ila kinacheza katika Daraja la Tatu la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Daraja hilo liliundwa 1973, lina vyuo zaidi ya 400, na chuo kilichomo hakiruhusiwi kumlipia mwanafunzi karo kwa sababu anacheza. Si nusu, si robo, si nauli. Hata Harvard, Yale na wenzao sita wa Ivy League, ambao kimichezo wako daraja la juu, hawatoi ufadhili wa michezo. Mtu anayekuuzia "ufadhili kamili wa besiboli" katika chuo cha namna hiyo anakuuzia kitu ambacho kocha wa chuo chenyewe hana uwezo wa kukutolea.

Nilipomweleza, mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile: "Sasa huyu mtoto anarusha mpira wa nini?"

Jibu refu linaanzia mbali. Tarehe 1 Julai 1859, katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, vyuo viwili vidogo, Amherst na Williams, vilicheza mechi ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo kuwahi kuchezwa Marekani. Amherst ilishinda 73 kwa 32. Habari ya alama hizo naipenda, lakini naipenda zaidi habari ya siku iliyofuata. Amherst ilipoalika wenzao uwanjani, Williams walikubali, nao wakajibu kwa mwaliko wa sataranji. Kwa hiyo vijana walewale walioamka na vumbi la uwanja walishuhudia wenzao wakikaa mezani kusogeza vipande vya mbao. Vyuo hivyo viwili viko hai mpaka leo, bado vinachezeana, na bado vinataka mtu wa siku zote mbili, wa mpira na wa sataranji. Anayeweza siku moja tu, iwe ipi, hawamhitaji sana.

Ni vyuo vidogo kweli. Amherst, Williams, Hamilton na Bowdoin kila kimoja kina wanafunzi wapatao 2,000 hivi au zaidi kidogo. Chuo kizima ni kama shule moja kubwa ya bweni ya hapa kwetu. Lakini kila kimoja kina timu ya besiboli, na timu za mbio, za soka na za kuogelea, za wavulana na za wasichana. Piga hesabu mwenyewe: sehemu kubwa ya wanafunzi lazima wawe wanamichezo, la sivyo viwanja vitabaki na nyasi tupu. Ndiyo maana kocha wa chuo kama hicho ana sauti katika ofisi ya udahili. Hana cheki wala mfuko wa karo, lakini sauti anayo. Kati ya maelfu ya maombi yanayofika, mengi ya vijana waliopata alama za juu kabisa, anaruhusiwa kunyoosha mkono na kusema: huyu namhitaji. Idadi ya mikono anayoweza kunyoosha kwa mwaka ni ndogo, na ofisi haimsikilizi kama mwanafunzi hafikii kiwango cha masomo.

Utaratibu wenyewe nimeufuatilia kwa makini, maana hapa ndipo madalali wanapata nafasi ya kudanganya. Kuanzia mwezi wa Julai, mwaka mmoja na zaidi kidogo kabla ya mwanafunzi kuingia chuoni, kocha huchukua matokeo yake ya shule na ya mitihani kama SAT na kuyapeleka ofisi ya udahili yasomwe mapema. Ofisi humjibu kama kijana huyo ana nafasi, hana, au aongeze bidii. Jibu likiwa zuri, kocha humshauri aombe katika awamu ya mapema, ile ya Novemba, ambayo majibu yake hutoka Desemba. Anayeomba awamu hiyo huahidi kwamba akikubaliwa ataenda huko na si kwingine, isipokuwa kama msaada wa karo hautatosha. Mpaka hapo hakuna hata senti iliyotoka mfukoni mwa kocha.

Pesa hutoka ofisi nyingine kabisa, na huko hawaulizi unarusha mpira kwa kasi gani. Wanauliza baba anapata nini, mama anapata nini, shamba lina ukubwa gani, watoto wangapi wako shule. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivi imepita dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni kumi. Mkulima wa kahawa wa Nkubu hawezi kuzilipa hata akiuza shamba na nyumba. Lakini vyuo vyenye akiba kubwa hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia, na vichache, Amherst na Bowdoin vikiwemo, havitazami mfuko wa mzazi vinapoamua nani aingie, hata kama mwombaji ametoka nje ya Marekani. Vikikukubali, vinaziba pengo lote. Vingine vingi vinatoa msaada mnono ila vinapima kwanza: kijana huyu atatugharimu kiasi gani? Hapo ndipo neno la kocha linaweza kuinua mizani.

Kwa hiyo nilimjibu mzee hivi: mpira ni wa kumfanya mtu mmoja ndani ya chuo ajue jina la mwanao. Masomo ndiyo yatakayomwingiza. Umaskini wako, ukielezwa kwa uaminifu na kwa karatasi, ndio utakaomlipia karo. Vitu vitatu, na dalali hana hata kimoja cha kukuuzia.

Kisha tukaja kwenye kalenda, na hapo aliumia zaidi. Mwanawe yumo katika darasa la mwisho kabisa la KCSE, litakalofanya mtihani Novemba 2027. Matokeo yatatoka Januari 2028. Atajiandaa kwa SAT miezi ile. Julai 2028 kocha, kama atakuwepo, atapeleka matokeo yasomwe. Novemba 2028 ataomba. Ndege, Mungu akijalia, Agosti 2029.

"Elfu mbili ishirini na tisa?" Mzee alirudia kama mtu aliyesomewa hukumu. Dalali alikuwa amemwahidi Septemba.

Nchi hii imeshawapeleka vijana wake vyuo vya Marekani hivi mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa karibu vya kutosha kuona. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliyobeba vijana 81 ilitua New York, matunda ya kazi ya Tom Mboya na marafiki zake. Barua ya kuwachangia nauli ilikuwa na sahihi za watu watatu mashuhuri: waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier, na Jackie Robinson. Huyo Robinson ndiye mtu mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 1947, baada ya kusoma UCLA alikochezea chuo michezo minne tofauti. Fikiria: mchezaji wa besiboli aliweka jina lake ili mtoto wa Kenya akasome. Wengi wa vijana wale na waliowafuata walipokelewa na vyuo vidogo ambavyo hapa hakuna aliyewahi kuvisikia. Mwaka 1960 msichana wa Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya, alikwenda chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas. Jina lake Wangari Maathai. Kabla ya hapo ungemwuliza mzazi wa Embu Atchison ni wapi, angekutazama tu.

Mara ya pili ni Iten. Mwaka 2004 John Manners, mwandishi wa habari Mmarekani, na Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 kule Munich 1972 na baadaye akawa msomi wa elimu ya michezo, walianzisha mradi uitwao KenSAP. Walichofanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda. Kila matokeo ya KCSE yalipotoka, waliwaita vijana wa Bonde la Ufa waliopata alama za juu kabisa, wakawahoji, kisha wakawapanga kwenye uwanja wa udongo wakimbie mita 1,500. Wengi hawakuwahi kushindana maishani. Walikuwa watoto wa vitabu. Waliochaguliwa walifundishwa SAT na jinsi ya kuandika insha za kuombea chuo, na pale mtoto alipoonyesha mguu, muda wake ulitumwa kwa makocha. Zaidi ya vijana mia moja wamepita njia hiyo kwenda Harvard, Yale, Amherst, Williams na kwingine. Mmoja wao, Peter Kosgei, alikwenda Hamilton, chuo kidogo cha jimbo la New York, akawa bingwa wa taifa wa Daraja la Tatu katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakulipiwa karo kwa sababu ya viunzi. Alilipiwa kwa sababu chuo kilimtaka na familia yake haikuwa na uwezo.

Tazama mpangilio wao. Waliangalia cheti kwanza, miguu ikafuata. Hawakwenda uwanjani kutafuta wakimbiaji hodari ili wawafundishe kusoma. Na hakuna mzazi aliyetakiwa kuuza ng'ombe.

Nikisikia watu wakisema mambo hayo ni ya Wakalenjin, nawakumbusha Kigari. Chuo cha walimu cha Kigari kiko hapo juu ya mji wa Embu, kwenye ukungu na mashamba ya chai, na kwa miaka mingi ndipo timu ya taifa ya mbio za nyika ilipopiga kambi kabla ya mashindano ya dunia. Timu ya wanaume wakubwa ya Kenya ilitwaa ubingwa huo mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Mazoezi ya wanaume wale yalifanyika kwenye vilima vyetu. Watoto wa Manyatta waliwakimbiza wakienda shule, vitabu mgongoni. Mlima ni ule ule, hewa ni ile ile nyembamba, na alama za KCSE tunazo: kila mwaka magazeti yanatuonyesha watoto wa Meru na Embu wakibebwa juu juu na wazazi wanaoimba. Tulichokosa ni mtu wa kuvikutanisha.

Na si kukosa tu. Sisi walimu tumevitenganisha kwa mikono yetu, na hapa lazima nijitaje. Nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni upande wa Embu. Kila muhula wa pili ulipoanza tuliwaita watahiniwa wa kidato cha nne, tukakusanya viatu vyao vya michezo, tukavifungia stoo hadi Novemba. Tuliona ni mapenzi. Mwaka mmoja mvulana aliyekuwa wa kwanza katika mita 1,500 za kanda, na wa tatu darasani, alinifuata ofisini akaniomba viatu vyake kwa nusu saa tu jioni. Alisema akikimbia anasoma vizuri zaidi usiku. Nilimwambia viatu havitamjibia maswali ya fizikia. Alipata A-. Leo ni mhandisi, ana maisha yake mazuri Nairobi, na tukikutana ananisalimia kwa heshima. Lakini mwaka ule huko Iten wenye alama kama zake walikuwa wakiitwa uwanjani wapimwe muda, na mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wa stoo. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mahali duniani ambapo vitu vyake vyote viwili vilihitajika kwa pamoja. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Shule nyingi bado zinafanya hivyo. Nawaomba walimu wakuu wa pande hizi mbili za Mto Thuci waache.

Niseme pia jambo ambalo wapenzi wa besiboli huenda hawatalipenda. Kama lengo lako ni chuo cha Marekani, usimwanzishie mtoto besiboli kwa ajili hiyo. Mkimbiaji wa Kenya ana faida ambayo mrushaji wa Kenya hana: mbio hupimwa kwa saa, na saa ya Meru ni sawa na saa ya Massachusetts. Ukimwandikia kocha kwamba binti yako amekimbia mita 1,500 kwa muda fulani, na muda huo umeandikwa na waamuzi, ameelewa. Besiboli ni mchezo wa kuonwa. Kocha anataka kujua mrushaji anafikisha maili ngapi kwa saa, na katika vyuo hivi anayekwama chini ya 80 atapata taabu kusikilizwa. Lakini pia anataka kumwona akikabili wapigaji wazuri, akipigwa, akijikusanya, akirusha tena. Vijana wa Kimarekani hupelekwa na wazazi wao kwenye kambi za majira ya joto, kocha akakaa kwenye kiti akawatazama siku mbili nzima. Wa kwetu anarusha ukutani. Ukuta haupigi.

Lakini mtoto ambaye tayari anacheza, kwa sababu anaupenda mchezo, asiufiche. Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba mkono wa Afrika Mashariki unaweza kuonekana. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers, na 2023 David Matoma akasajiliwa na Pittsburgh Pirates. Hiyo ni njia ya kulipwa, si ya chuo, na anayeifuata huweka masomo kando akiwa bado mdogo. Mzazi asizichanganye njia hizi mbili. Ila kuna uzi mmoja unaoziunganisha ambao ningependa kijana wa Nkubu aujue. Meneja mkuu wa Pirates wakati Matoma anasajiliwa, Ben Cherington, ni mhitimu wa Amherst, alikochezea besiboli. Mtu aliyesoma kwenye chuo kile cha sataranji ndiye aliyeongoza klabu iliyomchukua mrushaji wa Uganda. Katika mchezo huu, waliosoma ndio wanaokaa kwenye meza inayoamua nani asajiliwe.

Uganda ina funzo jingine, na hili linauma. Mwaka mmoja kabla ya Lugazi, 2011, timu ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Poland na kupata haki ya kwenda Williamsport. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu hati zao za umri na uzazi hazikulingana. Watoto walikuwa wameshashinda uwanjani, wakaja kushindwa kwa karatasi. Nenda leo kijijini popote Tharaka, Mbeere au Igembe, uliza cheti cha kuzaliwa. Utaletewa kadi ya kliniki yenye jina moja, cheti cha ubatizo chenye jingine, na matokeo ya KCPE yenye la tatu, herufi moja imeongezwa na karani aliyekuwa na haraka. Kurekebisha majina hayo baada ya kukubaliwa chuoni ni mateso. Yarekebishwe mapema, mtoto anapoanza tu sekondari. Hakuna dalali anayewashauri wazazi hivyo, maana hakuna pesa ndani yake.

Gharama za halali zipo na zinajulikana. Ada ya SEVIS, ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni huko Marekani, ni dola 350, ya viza dola 185, na zote hulipwa baada ya chuo kukukubali na kukutumia hati, si kabla. Vyuo vingi husamehe ada ya maombi ukiomba msamaha. Ushauri wa EducationUSA jijini Nairobi hutolewa bure na watu wa ubalozi. Wapo wanaoshughulikia vijana werevu wasio na uwezo: mpango wa viongozi wa Equity, ambao huchukua vinara wa KCSE kila sehemu ya nchi na kuwasaidia baadhi yao kuomba vyuo vya nje, na Zawadi Africa, ulioanzishwa 2002 na Susan Mboya, binti wa Tom, kwa ajili ya wasichana. Watoto wetu wanazipata nafasi hizo. Lakini anayeingia huko kwa alama peke yake, huku amefundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba kukimbia ni utundu, anafika kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameacha nusu ya mzigo wake nyumbani.

Ningependa kuona kaunti hizi mbili zikichukua sehemu ndogo tu ya pesa zinazomwagwa kwenye basari za kugawa elfu mbilimbili kabla ya uchaguzi, zikawaajiri walimu wawili, mmoja Meru na mmoja Embu, wasifanye kazi nyingine. Januari matokeo yakitoka, wawaite watoto wenye A na A-, wawapeleke uwanja wa Kinoru au wa Embu, wawapime mbio, wawaulize nani amewahi kushika raketi, gongo la hoki au glavu ya besiboli. Kisha wakae nao miezi kumi. Walimu wastaafu wa kuwasaidia insha na hesabu tupo, hatuna la kufanya mchana.

Na mfumo mpya wa elimu usitulevye. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa gredi ya kumi wamegawanywa katika njia tatu, moja ikiwa ya sanaa na michezo. Nafurahi kwamba michezo imepewa darasa. Ninachohofia ni mzazi na mwalimu kuigeuza njia hiyo jalala la waliotajwa kuwa si wa sayansi, kisha mtoto mwenye mguu aambiwe hesabu si zake. Ofisi ya udahili ya chuo kidogo husoma kila somo la kila muhula. Ikiona hesabu zimekimbiwa, kocha hatapata hata nafasi ya kunyoosha mkono.

Nimrudie mzee wangu. Hakuuza ng'ombe. Tulikwenda naye hadi kiwandani, kijana akatukuta huko. Nilikuwa nimechukua futi ndefu ninayopimia mashamba ya majirani wanapogombania mipaka. Mrushaji wa besiboli husimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, mita 18.44. Tulipima kuanzia ukutani, tukachimbia kijiti. Kumbe miaka yote hii kijana alikuwa akirushia karibu mno, kwa hatua nne nzima. Alirudi nyuma mpaka kijitini, akatazama ukuta, akarusha. Mpira ulianguka kabla ya kufika. Akarusha wa pili, wa tatu. Wa tisa ulilia kwenye jiwe mahali alipokusudia, na mjomba wake aliyekuwa akichukua video kwa simu akasahau akaanza kupiga makofi.

Nilimwuliza kemia ilikuwaje muhula uliopita. Akatazama chini. C+. Nikamwambia kocha wa chuo kile ataiona hiyo C+ kabla hajaiona video. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba kitabu cha mazoezi kiko nyumbani, na kwamba mwalimu wao wa kemia anakubali kufundisha Jumamosi akiombwa.

Baba yake alikuwa amekaa juu ya gunia tupu. Alitoa barua ya dalali, akaigeuza upande usio na maandishi, akaomba kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, akinionyesha kila mstari: cheti cha kuzaliwa. Jina la nyanya lililoandikwa humo liondolewe. Kemia Jumamosi. Kisha akauliza SAT inaandikwaje.